Ukoo wa Kaisari wa Ujerumani uko wapi leo?

Sarafu ya rupia ya enzi za Mjerumani ina sura ya mwanamume mwenye masharubu, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Hapa na pale mkulima bado huikuta akiwa anapiga jembe. Na kila tunapozungumzia historia ya ukoloni hewani, swali hurudi: huyu alikuwa nani, na ukoo wake uliishia wapi?

Jibu fupi ni hili. Huyo ni Kaisari Wilhelm wa Pili, wa ukoo wa Hohenzollern (tamka "Hoentsolern"), na ukoo huo haujafa. Mkuu wake leo ni Georg Friedrich, aliyezaliwa mwaka 1976 mjini Bremen. Kwa hesabu zetu za ukoo, yeye ni kilembwe wa Kaisari. Kaisari alimzaa Wilhelm, Wilhelm akamzaa Louis Ferdinand, Louis Ferdinand akamzaa mtoto aliyepewa jina hilohilo, na huyo ndiye baba wa Georg Friedrich.

Hana kiti cha enzi, hana jeshi, wala hana cheo serikalini. Alicho nacho ni jina, sehemu kubwa ya ngome iliyo juu ya kilima, na historia ya madai ya mali ambayo yaligawanya Wajerumani kwa miaka mingi. Madai hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo hata huku kwetu halijaisha: ardhi ikichukuliwa na serikali, nani anastahili fidia, na je, matendo ya babu yanaweza kumnyima mjukuu haki?

Kutoka kilimani hadi kwenye taji

Ukoo huu unatajwa katika maandishi kwa mara ya kwanza mwaka 1061. Walikuwa makabaila wa kawaida wa kusini mwa Ujerumani, wenye ngome juu ya kilima cha Zollern. Mwaka 1415 mmoja wao, Friedrich, alipewa utawala wa Brandenburg, eneo la kaskazini linalouzunguka mji wa Berlin. Mwaka 1701 mwingine akajivika taji la ufalme wa Prussia.

Tunaruka karne nyingi hapo, lakini mtu mmoja hatuwezi kumruka. Friedrich wa Pili, aliyetawala kuanzia 1740 hadi 1786, alikuwa mpiganaji aliyeifanya Prussia iogopwe Ulaya nzima. Mwaka 1756 alitoa amri ya kuhimiza wakulima wapande viazi mviringo, zao ambalo wengi wao walikuwa hawaliamini. Mpaka leo watu wanaotembelea kaburi lake mjini Potsdam huweka viazi juu ya jiwe. Kwenye ngome ya ukoo kunaonyeshwa pia kikopo chake cha ugoro kilichobonyezwa na risasi: alikuwa nacho mfukoni vitani mwaka 1759, kikamwokoa.

Wazungumzaji wa sifa za ukoo huu hupenda kuishia kwenye viazi na ugoro. Ipo habari nyingine. Mwaka 1683, mtawala wa Brandenburg wa wakati huo alijenga ngome kwenye pwani ya nchi ambayo leo ni Ghana. Kampuni yake ilifanya biashara ya dhahabu, na ilinunua na kusafirisha watumwa kuvuka bahari. Ngome hiyo baadaye iliuzwa kwa Waholanzi. Kwa hiyo ukoo huu ulifika Afrika miaka mia mbili kabla ya kufika kwetu.

Karatasi mbili zilizogusa ardhi yetu

Januari 1871, baada ya kuishinda Ufaransa vitani, mfalme wa Prussia alitangazwa kuwa Kaisari wa Ujerumani yote. Huyu alikuwa Wilhelm wa Kwanza, babu yake Wilhelm wa kwenye sarafu.

Mwishoni mwa 1884, Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye mikataba iliyoandikwa kwa lugha wasiyoisoma. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia saini hati ya kuilinda kampuni ya Peters. Hiyo ni karatasi ya kwanza. Bila saini hiyo, mikataba ya Peters ingebaki makaratasi ya msafiri.

Karatasi ya pili haizungumzwi sana, nasi tunaona inastahili kuzungumzwa zaidi. Wilhelm wa Kwanza alifariki Machi 1888. Mwanawe Friedrich alitawala siku 99 tu akiwa mgonjwa wa saratani ya koo, naye akafariki. Ndipo Wilhelm wa Pili, akiwa na miaka 29, akashika kiti. Tarehe 26 Novemba 1895, kwa jina lake, ilitolewa amri kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni ardhi ya taji, maana yake mali ya dola ya Ujerumani.

Kwenye maandishi, haki za wenyeji na machifu ziliachwa zisimame. Lakini shamba lililopumzishwa, malisho ya msimu na msitu wa matambiko havina hati. Mtu aliyehama ili ardhi ipumzike alirudi akakuta ni "ardhi isiyo na mwenyewe". Mashamba makubwa ya walowezi yalipatikana kwa njia hiyo.

Tuweke sawa na jambo moja linalosimuliwa sana. Wapo wanaosema Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia Kaisari mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa kwake, ndiyo maana mpaka wa Tanzania na Kenya umepinda pale. Ni kweli Victoria alikuwa bibi yake, mzaa mama. Lakini mpaka huo ulikubaliwa na serikali mbili mwaka 1886, wakati Wilhelm hajawa Kaisari. Haikuwa zawadi. Ilikuwa biashara ya wakubwa wawili.

Yaliyofuata wengi tumesimuliwa na wazee: kodi, kazi ya kulazimishwa kwenye mashamba ya pamba, na viboko vya hamsa ishirini. Kila tarehe 27 Januari askari na wanafunzi wa koloni walisherehekea siku ya kuzaliwa Kaisari. Vita vya Maji Maji, kuanzia 1905 hadi 1907, vilizimwa kwa bunduki na kisha kwa njaa, baada ya majeshi ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Wanahistoria wengine wanakadiria kuwa waliokufa walifika 300,000, wengi wao kwa njaa. Na yule Carl Peters, aliyeitwa huku "Mkono wa Damu", alifukuzwa kazi na mahakama ya nidhamu ya Wajerumani wenyewe mwaka 1897 kwa ukatili aliofanya Kilimanjaro. Baadaye Kaisari Wilhelm alimrudishia cheo chake cha heshima na kumpa pensheni kutoka fungu lake mwenyewe.

Kaisari anapanda treni

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyouangusha ukoo huu. Tarehe 9 Novemba 1918, huku wanajeshi na wafanyakazi wakigoma miji mizima, waziri mkuu wa Ujerumani alitangaza kwamba Kaisari ameachia kiti, kabla Kaisari mwenyewe hajakubali. Kesho yake Wilhelm alivuka mpaka akaingia Uholanzi. Hati ya kuacha kiti aliisaini tarehe 28 mwezi huohuo.

Usidhani alikimbia na nguo za mwilini. Serikali mpya ya jamhuri iliruhusu apelekewe vitu vyake, na mabehewa 59 ya treni yalivuka kwenda Uholanzi yakiwa na samani, picha, vyombo vya fedha na sare za kijeshi. Alinunua nyumba kubwa katika kijiji cha Doorn, akaishi humo zaidi ya miaka ishirini akikata miti na kupasua kuni kama mazoezi. Mwaka 1940, majeshi ya Hitler yalipoiteka Paris, alimtumia Hitler simu ya pongezi. Alifariki Juni 1941, na kaburi lake liko hapohapo Doorn. Nyumba yenyewe ilichukuliwa na serikali ya Uholanzi baada ya vita kama mali ya adui. Leo ni makumbusho.

Cheo kinageuka kuwa jina la ukoo

Katiba mpya ya Ujerumani ya mwaka 1919 ilifuta upendeleo wa makabaila. Maneno kama "mwanamfalme" hayakupigwa marufuku, yaligeuzwa kuwa sehemu ya jina la ukoo tu. Kwa hiyo Georg Friedrich akionyesha kitambulisho chake, maneno "Prinz von Preußen", yaani mwanamfalme wa Prussia, yanasomeka kama jina la ukoo, sawa na mtu wetu anayeitwa Sultani au Jumbe bila kutawala kijiji. Austria walikuwa wakali zaidi: waliwanyang'anya makabaila hata hilo jina.

Mali ndiyo ilikuwa ngumu. Nini kilikuwa cha mfalme kama mtu binafsi, na nini kilikuwa cha nchi? Mpaka kati ya hivyo viwili haukuwa wazi. Juni 1926 Wajerumani walipiga kura ya maoni: je, mali za watawala wa zamani zichukuliwe zote bila fidia? Watu wapatao milioni 14.5 walisema ndiyo. Waliosema hapana walikuwa wachache sana, kwa sababu wapinzani walihimizwa wabaki nyumbani. Lakini sheria ilitaka nusu ya wapiga kura wote wa nchi, karibu milioni 20, na hesabu haikufika.

Baadaye mwaka huohuo serikali ya Prussia na ukoo wakakubaliana. Majumba mengi ya kifalme yalibaki ya serikali. Ukoo ukabaki na mashamba makubwa, nyumba kadhaa, vitu vingi vya sanaa na mamilioni ya fedha. Jumba la Cecilienhof mjini Potsdam likawa la serikali, lakini mwana mkubwa wa Kaisari akaruhusiwa kuendelea kuishi humo na familia yake.

Mwana wa Kaisari na Hitler

Mwana huyo, Wilhelm, ndiye kiini cha kesi yote iliyokuja baadaye.

Alirudi Ujerumani mwaka 1923 kwa ahadi ya kukaa mbali na siasa. Hakukaa. Mwaka 1932, katika duru ya pili ya uchaguzi wa rais, alitangaza hadharani kwamba atampigia kura Hitler. Machi 1933, chama cha Hitler kilipofanya sherehe kubwa Potsdam ili kionekane ni mrithi halali wa Prussia ya zamani, Wilhelm alikuwepo akiwa na sare zake. Mdogo wake, August Wilhelm, alikuwa amekwisha kujiunga na chama hicho tangu 1930.

Walitaka nini? Walitumaini Hitler angewarudishia kiti. Hitler alichukua heshima ya jina lao, kiti hakuwapa.

Mwaka 1945 Ujerumani ilishindwa, na mashariki ya nchi ikawa chini ya Wasovieti. Kila shamba lililozidi hekta 100 lilitaifishwa bila fidia, na sehemu kubwa ikagawiwa kwa wakulima wadogo, vibarua na wakimbizi. Mashamba na majumba ya Hohenzollern yalikwenda na mkumbo huo. Ndani ya Cecilienhof, nyumba ya Wilhelm, viongozi wa Marekani, Uingereza na Muungano wa Sovieti walikutana Julai na Agosti 1945 kuamua mambo ya Ujerumani.

Kesi yenyewe

Ukuta wa Berlin ulipoanguka na nchi kuungana mwaka 1990, maelfu ya familia zilizopoteza ardhi mashariki zilianza kudai. Iliamuliwa kwamba ardhi iliyotaifishwa kati ya 1945 na 1949 hairudi. Lakini sheria ya mwaka 1994 iliruhusu warithi wapewe fidia ya sehemu, na warudishiwe vitu vinavyohamishika, kama picha na samani.

Sheria hiyo ilikuwa na kizuizi kimoja, na hapo ndipo penye utamu na uchungu: hapati kitu mtu ambaye yeye au aliyemrithisha aliusaidia kwa kiasi kikubwa utawala wa Hitler.

Kwa hiyo swali la mahakamani halikuwa Georg Friedrich ni mtu wa namna gani. Lilikuwa babu wa baba yake alifanya nini mwaka 1932 na 1933, na je, msaada wake ulikuwa mkubwa au mdogo. Wanahistoria wanne waliandika ripoti. Wawili walioombwa na ukoo, Christopher Clark na Wolfram Pyta, hawakuona kwamba msaada huo ulifikia kiwango cha kumnyima haki. Wawili walioombwa na jimbo la Brandenburg, Peter Brandt na Stephan Malinowski, waliona ulifikia. Mwaka 2015 jimbo lilikataa ombi la fidia ya euro milioni 1.2, na ukoo ukaenda mahakamani.

Fedha hizo si nyingi kwa ukoo wa namna hiyo. Kilichowakera Wajerumani wengi kilijulikana mwaka 2019: katika mazungumzo ya faragha na serikali, ukoo ulikuwa pia umeomba haki ya kuishi tena katika jumba la umma, Cecilienhof likiwa mojawapo. Ukoo nao ulifungua kesi nyingi dhidi ya waandishi na wanahistoria kuhusu walichosema juu yake. Kwa maoni yetu hapo ndipo ulipojiharibia zaidi, maana mtu anayedai haki yake hahitaji kuwanyamazisha wanaosoma nyaraka.

Machi 2023 Georg Friedrich aliondoa madai ya fidia mahakamani. Hakimu hakuwahi kutoa jibu la mwisho kuhusu Wilhelm. Mei 2025 ikatangazwa suluhu kati ya serikali kuu, majimbo ya Berlin na Brandenburg, na ukoo: maelfu ya vitu vya sanaa vilivyogombewa vinabaki kwenye makumbusho chini ya taasisi ya umma, na baadhi ya vitu vinakuwa vya ukoo.

Wanaishije leo

Georg Friedrich alisomea biashara. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja baba yake alipofariki kwa ajali ya mafunzo ya kijeshi, na alikuwa na miaka 18 babu yake alipomwachia urithi. Babu aliwaruka wana wake wawili wakubwa kwa sababu walioa wanawake wasio wa koo za kifalme, kinyume na kanuni ya zamani ya ukoo. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilisema kanuni ya namna hiyo haiwezi kutumika hivihivi kumbana mtu uhuru wake wa kuoa. Mwishowe Georg Friedrich alibaki mrithi mkuu, na ndugu wengine wakatambuliwa haki ya sehemu yao kisheria. Kesi za mirathi hazichagui ukoo.

Alioa mwaka 2011, wana watoto wanne. Ngome ya Hohenzollern ni mali binafsi ya ukoo: theluthi mbili ni ya tawi lake, theluthi moja ni ya tawi la Sigmaringen, ambalo ndilo lililotoa wafalme wa Romania. Watalii hulipa kiingilio kuiona. Yeye pia aliwahi kutoa bia yenye jina la Prussia.

Jumba kuu la ukoo katikati ya Berlin lina kisa chake. Liliharibiwa vitani, likabomolewa na serikali ya kikomunisti mwaka 1950, kisha likajengwa upya kwa sura ya zamani kwenye sehemu kubwa ya nje. Si la ukoo tena. Ndani yake mnaonyeshwa mikusanyo ya vitu kutoka Afrika na kwingineko, na makumbusho yenye mikusanyo hiyo ina maelfu ya vitu vilivyochukuliwa Tanzania, vikiwemo vya wakati wa Maji Maji.

Na upande wa waliotawaliwa

Sheria ya 1994 iliwahusu waliopoteza mali mashariki mwa Ujerumani. Haikuwahusu waliopoteza ardhi kwa amri ya 1895, na hakuna mahakama ya Ujerumani iliyowahi kuulizwa kama mkulima wa Usambara au Matumbi anastahili fidia ya sehemu.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Songea na kuomba radhi kwa yaliyofanywa na Wajerumani wakati wa ukoloni. Alikutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 na ambaye kichwa chake kinaaminika kupelekwa Ujerumani. Rais aliahidi kusaidia kukitafuta. Juu ya fidia hakuahidi.

Mashujaa wa Maji Maji hukumbukwa Songea kila tarehe 27 Februari, siku waliponyongwa wengi wao. Ni tarehe ileile ambayo Wilhelm wa Kwanza alitia saini hati ya Peters, miaka 21 kabla. Maadhimisho yako wazi kwa kila mtu, na makumbusho ya Maji Maji hupokea wageni. Ukiwa na sarafu, barua au kitu chochote cha enzi hiyo nyumbani, usikisugue kwa mchanga wala kukiuza kwa mpita njia. Wapelekee makumbusho wakitazame kwanza.